Sindano Iliyokuwa Ikielekea Moyoni Mwangu

Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliamini kwamba sindano ikikatikia mwilini haikai palepale ilipoingilia. Inashika mshipa, inafuata damu, inatembea polepole bila kupumzika hata Jumapili, mpaka ifike moyoni. Ikifika, mtu hapati hata nafasi ya kuaga. Safari huchukua miaka saba kama imeingilia mkononi, na kumi na miwili kama imeingilia mguuni, kwa sababu huko ni mbali na kuna kona ya goti. Aliyenipa habari hizi ni Gervasi, kuli mwenzetu pale ghalani, mtu aliyekuwa na mjomba kwa kila jambo linaloweza kumpata binadamu. Mjomba wa sindano aliishi Mbinga. Alikuwa anacheza bao, anashinda, akainama kama anayechungulia shimo, asiinuke tena. Mimi sikucheka, kwa sababu siku niliyosimuliwa hayo kiganja changu cha kulia kilikuwa kimefungwa bandeji, na ndani ya bandeji, kwa hesabu zangu, safari ilikuwa imekwisha kuanza.

Vijana wa ghala, mliponiaga kwa soda na ile saa ya ukutani inayokwenda mbele dakika kumi, mliniomba niandike nilivyofanya kazi. Haya, naandika. Vyeo sitavitaja, maana vilikuwa viwili tu na kimoja kilikuwa cha kukaimu. Mshahara siutaji kabisa, kwa sababu mke wangu anasoma. Nitasema habari za sindano, ambayo ndiyo iliyonilisha, ikanijengea nyumba, ikanipeleka shule. Kati ya Songea na Tunduru hakuna mtu aliyeshona magunia mengi kuliko mimi. Yakipangwa kwa mstari yanafika Hanga, yanageuka, yanarudi.

Huko Hanga ndiko nilikotoka, kijiji cha jirani na monasteri. Nilikuja mjini juu ya lori la mahindi, nikiwa na nguo mbili, na moja ilikuwa ya kaka yangu. Nilitaka kazi ya ukuli kwa sababu nilikuwa na mabega. Mlangoni mwa ghala alikaa mtu mfupi mwenye kofia ya kufuma, amezungukwa na magunia kama mfalme na askari wake. Huyo alikuwa Mzee Athumani, Myao wa Tunduru, kiongozi wa washonaji. Alianza na magunia ya korosho kwao, na wakati ule alikuwa anakuja Songea kila msimu wa mahindi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanitazama mikono badala ya mabega. Akaniuliza kama nimewahi kushika sindano. Nikamwambia ndiyo, ya kushonea vifungo.

"Hiyo ni mtoto," akasema. "Huyu hapa ndiye mama yake."

Akanipa kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi kikombe cha uji wa moto. Nyinyi mmezoea mashine, kwa hiyo wacha niieleze. Sindano ya gunia ilikuwa na urefu wa shubiri yangu, na shubiri yangu si ndogo. Shina lake lilikuwa nene kama unyasi wa kuezekea. Karibu na ncha ilipinda kidogo na kubapa, ikawa na makali pande mbili, ili itenganishe nyuzi za gunia badala ya kuzikata. Tundu lake lilipitisha kamba ya katani iliyosokotwa mara mbili. Kiganjani ulivaa kipande cha ngozi, wengine kipande cha tairi la ndani la baiskeli, maana bila hicho sindano ilikusukuma wewe kabla hujaisukuma yenyewe.

Kushona ni hivi. Unakunja mdomo wa gunia mara mbili. Unaanza kona ya kushoto, unabana humo mahindi ya kujaa ngumi, unayafunga kwa kamba mizunguko mitatu. Hilo ni sikio. Unashona kwenda kulia, mishono kumi na miwili, kila mmoja ukiuvuta mpaka kamba ilie. Unamaliza kwa sikio la pili. Kuli analibeba gunia kwa kushika masikio, kwa hiyo sikio likiwa bovu, gunia linamfungukia kichwani. Najua, kwa sababu gunia langu la kwanza lilimfungukia Gervasi. Mahindi yalimwagika hata kuku wa Bombambili wakapata habari. Gervasi alisimama katikati ya mahindi hayo, yamemfika magotini, akasema kwa upole kwamba mjomba wake mmoja alikufa hivyohivyo. Ndivyo tulivyokuwa marafiki.

Lakini Mzee Athumani hakunifundisha kushona kwanza. Alinifundisha kuhesabu. Sindano zilikaa kwenye kopo la maziwa ya unga. Asubuhi kila mshonaji alichukua moja, na jina lake likasomwa kwa sauti. Mchana zikahesabiwa, na jioni zikarudi zote. Iliyovunjika ilirudi na vipande vyake, ukaviweka juu ya meza na kuviunganisha mpaka ionekane nzima. Kikikosekana kipande, hata kama ni ncha ya ukucha, magunia yote uliyoyashona tangu hesabu iliyopita yalifumuliwa, yakachekechwa, yakashonwa upya. Haikujali lori limesimama au afisa amekuja. Nilimuuliza sababu, maana niliona ni adhabu kubwa kwa kijiti cha chuma. Akajibu kwamba mahindi haya yanakwenda kwa mtu, na mtu ana koo. Akanisogezea kopo.

Nilishona naye misimu mitatu. Nikajifunza kupaka kamba nta ili isinyonye unyevu, na kusugua sindano kwa mchanga kila jioni. Nikajifunza pia kumkataa mkulima aliyekuja na lumbesa, gunia lililojazwa mpaka likaota kichwa kingine juu ya kichwa. Mmoja wa kutoka Namtumbo aliniambia kwamba bila hicho kichwa gunia lake litaona aibu mbele ya wenzake. Mzee Athumani akamwambia aliache hapo lizoee. Akalifumua, akayateremsha mahindi mpaka kwenye mstari, yaliyozidi akamrudishia kwenye ndoo, akashona. Yule bwana aliondoka amenuna, na mwaka uliofuata alikuja na magunia yaliyonyooka kama askari wa gwaride.

Sasa nije siku yenyewe. Ilikuwa mwisho wa msimu wangu wa tatu, mzigo ulikuwa wa shule moja ya bweni, na lori lilikuwa limekwisha kupakiwa zaidi ya nusu. Magunia yalikuwa mapya, makavu, magumu kama mikeka ya miti. Tangu hesabu ya mchana nilikuwa nimeshona arobaini na moja, na nilikuwa najisifu kwa Gervasi kwamba naweza kushona nimefumba macho. Nikafumba. Sindano ikagonga mshono wa ubavuni mwa gunia, pale matabaka manne ya kitambaa yanapokutana. Ikalia kama kijiti kikavu. Nilipofumbua, shina lilikuwa mkononi bila ncha, na kiganja kinachuruzika damu chini ya kidole gumba.

Nilitafuta sakafuni, nikatafuta kwenye mikunjo ya nguo zangu, sikuona ncha. Nikakitazama kiganja, nikaona tundu. Kwa akili zangu za wakati ule, tundu na ncha iliyopotea ni kama kufuli na ufunguo. Nikamwonyesha Mzee Athumani, nikamwambia imo humu. Alikibonyeza, akanitazama, akakifunga kwa leso yake, akaniambia niende zahanati. Nami nilikwenda nimetulia, tena kwa fahari kidogo. Nilijiambia heri ikae mkononi mwangu kuliko kwenye ugali wa mtoto wa watu.

Zahanati nesi alibonyeza, akasafisha, akanichoma sindano ya pepopunda. Akasema yeye haoni kitu humo, nirudi baada ya siku mbili kubadilisha bandeji. Nilipomweleza Gervasi maneno ya nesi, alitikisa kichwa kwa huzuni. Bila shaka haoni, alisema, imekwisha ondoka hapo. Ndipo akanisimulia habari za mjomba wa Mbinga, pamoja na ile miaka saba.

Nilikaa nyumbani siku nne. Niliporudi, lori lilikuwa limeondoka na hakuna aliyenidai ncha, nikaelewa kwamba neno langu limepokelewa. Baada ya wiki mbili msimu ukafungwa. Mzee Athumani akarudi Tunduru, akatuambia safari hii harudi tena, baba yake amezeeka na mikorosho inataka mtu. Aliniachia kopo la sindano. Sikumweleza habari za miaka saba. Kijana wa umri wangu hamwagi mzee kwa kumwambia kwamba yeye kijana anakaribia kufa. Ni kumharibia safari.

Mtu mmoja tu nililazimika kumwambia. Wakati huo nilikuwa nimeanza mazungumzo na Leokadia, binti aliyeuza dagaa wa Nyasa sokoni Bombambili, na mazungumzo yalikuwa yamefika pazuri. Nikaona si haki. Nilikwenda kwenye meza yake, nikamweleza yote, nikamwonyesha na kiganja, nikamaliza kwa kumwambia kwamba nimebakiwa na miaka saba. Alikuwa anampimia mteja. Akamaliza kupima, akaongeza kidogo cha nyongeza, mteja akaondoka.

"Miaka saba tunajenga, tunapaua, na watoto wawili wameanza shule," akasema. "Kwani wewe ulitaka mingapi?"

Vijana, tangu siku hiyo hamjaona mtu mwenye haraka. Nilifyatua tofali za nyumba yetu asubuhi kabla ya kazi, na Jumamosi nilifyatua mpaka majirani wakadhani najenga kanisa. Mwaka wa pili tukapaua. Mwaka wa tatu tulikuwa na mtoto, wa nne tukawa na wa pili. Sikuwa na muda wa kugombana na mtu. Fundi akichelewa nilimwambia bwana, mimi nina ratiba. Ulanzi niliacha, kwa sababu Gervasi alisema pombe huharakisha damu.

Nikaenda na shule. Nilikuwa nimeishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe tuliachana kwa ugomvi. Nilitaka kuandika wosia kwa mkono wangu, bila kumbembeleza karani, nikajiandikisha masomo ya jioni ya watu wazima. Nilitoka ghalani na vumbi la mahindi masikioni, nikakaa dawati moja na mama muuza vitumbua na polisi mstaafu. Siku moja mwalimu wa Kiswahili alituambia tuchague neno moja na kueleza matumizi yake yote. Mimi nikasimama na sindano. Nilianza na ya nguo, ya gunia, ya cherehani, ya mshona viatu na ya hospitali. Nikaenda kwenye sindano ya mizani, ile inayotetemeka kabla ya kusema ukweli. Nikamtaja na bambo, kile chuma tunachochomea gunia kutoa mahindi ya kupima, nikasema huyo si sindano ila ni mjomba wake. Nikaeleza mchele wa sindano, mwembamba kama jina lake. Ubao ukajaa, mwalimu akatafuta chaki nyingine, kengele ikagonga bado naendelea. Nilifaulu kidato cha nne, na Kiswahili nilipata alama ambazo mwalimu alisema hajawahi kuziona. Sikumuuliza alikuwa na maana gani.

Wosia wangu wa kwanza ulikuwa na kurasa kumi na moja. Leokadia aliusoma, akasema ni mzuri ila mali zilizomo ni baiskeli na tofali zilizobaki.

Mwaka wa saba ulipofika nilivaa nguo zilizopigwa pasi kila siku, hata za kazini, ili nisije nikaokotwa hovyo. Mwaka ukaisha, nikamfuata Gervasi kudai maelezo. Alifikiri kidogo. Akaniuliza kama nimesahau kwamba sindano ya mjomba wake ilikuwa ya cherehani, nyepesi. Yangu ni ya gunia. Ile ilikuwa baiskeli, hii ni lori lenye mzigo. Akaniongezea miaka mingine saba pale pale, bila kunitoza kitu, nami nikarudi nyumbani nikapanda migomba.

Leokadia alinishauri mara kwa mara niende kupiga picha hospitali. Nilikataa. Gervasi alikuwa amenionya kwamba mwanga wa mashine ile huigutusha sindano ikakimbia. Mke wangu alisema basi, akawa ananitazama tu nikiishi.

Hivyo ndivyo nilivyoshika kopo la sindano miaka yote mliyonikuta. Mnakumbuka magunia ya katani yalipoondoka vikaja viroba, na baada ya viroba ikaja mashine ya mkononi inayoning'inia kama ndizi na kushona mdomo mzima kabla hujakohoa. Mlifikiri kopo litatupwa. Nikawaambia mashine nayo ina sindano, fupi, na ikivunjika inavunjika vipande vitatu. Mnakumbuka pia siku ile vipande vilipatikana viwili. Mlisema cha tatu kitakuwa kimeruka nje, na mmoja wenu, sitamtaja, akasema mzee anatuchelewesha. Tukafumua viroba tisini. Kilikuwa kwenye cha themanini na nane.

Ndipo nilipowaonyesha kiganja changu, nikawasimulia ilivyoniingia nikiwa kijana, na jinsi nilivyokubali kuibeba ili watoto wa shule wale salama. Mlinisikiliza kwa heshima. Kila mgeni aliyeajiriwa nilimsimulia, na kila mwaka ncha iliongezeka urefu kidogo. Wengine mliniuliza kama inauma. Nilisema wakati wa baridi, ndiyo, naisikia hapa kwenye kiwiko.

Mwezi mmoja baada ya kustaafu nilisikia kwamba Mzee Athumani yuko Mjimwema kwa binti yake, ameletwa kutibiwa macho. Nilichukua bodaboda siku hiyo hiyo. Nilimkuta barazani, amekonda, kofia ni ileile ya kufuma au mjukuu wake. Macho yalikuwa hayaoni vizuri, lakini alinijua kwa shikamoo yangu. Akamwambia binti yake huyu ndiye Bonifasi aliyekuwa anashona amefumba macho. Tulizungumza habari za korosho, za mahindi, za waliotangulia, akiwamo Gervasi, aliyefariki kwa homa ya kawaida kabisa. Mzee akamwombea rehema.

Nikaona huu ndio wakati. Nilikuwa na jambo la kumpa ambalo mwanafunzi humpa mwalimu wake mara moja tu. Nikamwambia Mzee, kwa miaka yote hii nimelibeba lile neno lako la mtu ana koo. Nikamsimulia ncha ilivyoingia, miaka saba ya kwanza, na ya pili, na iliyofuata, nyumba, shule, wosia, vijana niliowafundisha kwa kidonda changu. Nikaukunjua mkono, nikauweka juu ya goti lake. Alikipapasa kiganja kwa kidole gumba, pole pole, pale chini ya kidole gumba changu.

"Nani alikwambia imo humu?" akaniuliza.

Nikamwambia niliona kwa macho yangu.

"Uliona damu," akasema. "Ulipokwenda zahanati niliwateremshisha makuli wa zamu ya usiku mzigo. Nikayafumua magunia yako yote. Ncha ilikuwa kwenye la thelathini na sita kufumuliwa, chini ya sikio la kushoto. Lori liliondoka kesho yake adhuhuri. Nilimwambia karani wa ghala akwambie."

Karani yule hakuwa na desturi ya kuzungumza na washonaji. Halafu nikamuuliza Mzee, kama ncha ilipatikana siku ileile, mimi mkononi nilikuwa na nini.

"Wallahi, hukuwa na kitu," akasema, akanirudishia mkono wangu. "Ulijichoma tu, mwanangu. Kama watu wote."